Mawakili wanne wa Mwanza na kesi yako moja: umpe nani?

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani wa mawakili hapa Mwanza, kwanza kwenye ofisi ya ghorofani mjini, baadaye kwenye chumba kimoja kule Nyakato. Kazi yangu ilikuwa kuchapa, kutoa nakala, kukimbiza hati mahakamani, na kuwaambia wateja kwamba msomi yuko njiani hata pale msomi alipokuwa bado anaoga. Siku hizi nauza nyavu na kamba jirani na Mwaloni, Kirumba. Ukarani niliuacha, ila wenye kesi hawajaniacha. Wiki haipiti bila mtu kuegemea meza yangu: "Ngosha, nina shida ya kiwanja. Nimpe nani?"

Wengi huja tayari na majina mawili matatu, na kwa kila jina wana habari za aina tatu. Yule alikuwa hakimu. Yule ni wa chama fulani. Yule jioni humkosi kwenye bao. Zamani niliona huo ni umbea tu. Baadaye, nikikumbuka majalada yaliyopita mikononi mwangu, nikagundua habari hizo zina kazi kubwa, tatizo ni kwamba watu wanazitumia kumpenda mtu au kumchukia. Mimi nazitumia kujua mambo mawili: milango gani anaijua, na muda wake unakwenda wapi. Kesi nilizoziona zikifa, nyingi hazikuuawa na sheria. Ziliuawa na tarehe: kikomo kimepita, wakili hakutokea, kesi ikapigwa kalenda mara sita mpaka mashahidi wakahamia Geita.

Kwa hiyo nitawalinganisha mawakili wa aina nne unaoweza kuwakuta kati ya Nyegezi na Igoma. Majina sitaji; kila mmoja hapa ni mchanganyiko wa watu kadhaa niliowafanyia kazi au niliokaa nao kwenye mabenchi ya mahakama.

Kwanza, hakikisha ni wakili

Mwanasheria na wakili si kitu kimoja. Mtu aliyesoma shahada ya sheria, iwe SAUT kule Malimbe au chuo kingine, ni mwanasheria. Ili awe wakili wa kujitegemea, kwa utaratibu wa sasa, hupita kwenye shule ya mafunzo ya sheria kwa vitendo ya Dar es Salaam, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007 na ambayo wote tunaiita Lo Skuli, kisha anaapishwa na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya mawakili kwa namba yake. Halafu kila mwaka anahuisha leseni. Wakongwe walipita njia nyingine, lakini namba wanayo na leseni wanahuisha vilevile.

Omba namba hiyo bila aibu. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, unaangalia kwa simu yako. Nasema hivi kwa sababu ya mama mmoja wa Igoma aliyeniletea "zuio la mahakama" alilolipia laki saba kwa kishoka. Karatasi ilikuwa na mhuri wa wakili. Wakili huyo nilimzika mimi mwenyewe miaka miwili nyuma.

Vigezo vitatu

Alikotoka kikazi. Usiulize amefanya kazi miaka mingapi, uliza alikuwa anafanya nini ndani ya miaka hiyo. Mtu anaweza kuwa na miaka ishirini ya talaka na asijue mkataba wa mkopo unaanzia wapi.

Msimamo wa siasa. Mpaka wa kiwanja Buswelu hauna chama. Talaka haina chama. Lakini kesi inapogusa halmashauri, polisi, leseni ya uvuvi au mgambo, hapo siasa za wakili zinaingia, kwa faida yako au kwa hasara yako. Watu wa kanda hii tumezoea kuwaona wanasheria kwenye siasa na serikalini. Nyamagana iliwakilishwa bungeni na mwanasheria, Lawrence Masha, kuanzia 2005 hadi 2010, na akawa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Mark Bomani, ndugu yake Paul Bomani ambaye wakulima wa pamba wanamkumbuka kwa ushirika, alikuwa Mtanzania wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, 1965. Na ukidhani mawakili wana rangi moja, tazama chama chao, TLS: mwaka 2017 walimchagua Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, kuwa rais wao, mwaka 2021 wakamchagua Edward Hoseah, aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wa TAKUKURU. Wapiga kura walewale, miaka minne tu katikati.

Nje ya joho. Hapa ndipo watu hunicheka. Kwamba wakili anapenda kuvua au kuimba kwaya, mimi inanihusu nini? Inakuhusu. Anachokipenda ndicho kinachomtoa ofisini saa tisa, ndicho kinachokuonyesha anakaa na nani, na mara nyingi ndicho kinachokuonyesha kama anaweza kuvumilia kushindwa raundi moja.

Ada sikuiweka kama kigezo peke yake kwa sababu inategemea kesi kuliko wakili. Kuna amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2015 inayoweka viwango, na inaruhusu makubaliano ya maandishi. Neno la kushika hapo ni maandishi.

1. Mzee aliyetoka serikalini

Alikotoka. Alikuwa hakimu, au alikuwa wakili wa serikali. Uliza ni kipi kati ya hivyo, kisha uliza tena. Tangu 2018 mawakili wa serikali wamegawanyika: wapo wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, hao ni wa jinai, na wapo wa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, hao wanaitetea serikali kwenye madai. Aliyeshitaki wezi wa ng'ombe miaka kumi si lazima ajue kufungua madai ya fidia ya ardhi.

Aliyekuwa hakimu ana kipaji kimoja ambacho hakifundishwi mahali pengine: anajua jalada linavyosomwa na mtu aliyechoka. Mzee niliyefanya naye kazi Nyakato alikuwa anachukua hati ya kurasa kumi na mbili niliyoichapa usiku kucha, anaikata mpaka zinabaki nne. "Hakimu ana majalada ishirini leo," ananiambia, "ukimchosha ukurasa wa pili, wa tatu hausomi, anaupekua." Nilimchukia kwa wiki nzima. Kisha nikaona mapingamizi ya upande wa pili yanavyokosa pa kushika.

Udhaifu wake ni kwamba amezoea kusikilizwa. Simu hapigi. Mteja akiuliza kesi imefikia wapi anaona kama anahojiwa. Na kuna wateja wanaompa kesi kwa imani kwamba "anawajua waliopo". Kuwajua anawajua. Lakini ukimsikia yeye mwenyewe anakuahidi hilo kama bidhaa, chukua faili lako uondoke siku hiyohiyo, maana anachokuuzia si uwakili.

Msimamo. Watu humbandika chama tawala kwa sababu alikula mshahara wa serikali. Si sahihi. Utumishi umemfundisha kunyamaza, basi. Ukitaka kuishitaki halmashauri, yeye ndiye anayekumbuka bila kufungua kitabu kwamba unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza, kwamba tangu mabadiliko ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, na kwamba kesi hiyo inakwenda Mahakama Kuu. Nimeona kesi nzuri zikitupwa nje kwa kukosa hilo tu. Tabia yake hata hivyo ni ya barua kabla ya vita. Atataka mkae, mzungumze, mkubaliane. Kwa mwenye hasira hii inaudhi.

Nje ya joho. Bao, na shamba la mpunga Misungwi. Bao sina shaka nalo. Mtu anayekaa dakika tano akihesabu kete kabla ya kunyanyua mkono ni mtu ninayemwamini na jalada. Shamba ndilo tatizo. Mvua zikishika, yeye ni mkulima. Bahati nzuri Mahakama Kuu huwa na likizo kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, kwa hiyo kalenda mbili hizo zinapishana vizuri kiasi. Februari na Machi, muulize kabisa: mzee, palizi nani anasimamia?

Anamfaa nani. Mwenye kesi ndefu na yenye karatasi nyingi, mwenye rufaa, mwenye mgogoro na taasisi ya serikali ambao bado unaweza kuisha mezani. Hamfai mtu anayetaka kupigiwa simu kila Ijumaa.

2. Wakili wa jukwaani

Alikotoka. Haki za binadamu, kesi za jinai, kesi za uchaguzi. Wengine walianza kwenye mashirika, wengine walianza chuoni wakiwa viongozi wa wanafunzi na hawakuacha. Nguvu yake iko kwenye kuhoji mashahidi. Nilikaa siku moja nyuma ya chumba cha mahakama nikamwona mmoja akimuuliza askari mpelelezi maswali ishirini kuhusu saa ya kukamatwa, ile saa tu, mpaka askari akaomba maji. Kwenye hati za maandishi, huyuhuyu alikuwa ananiachia mimi nimalizie.

Msimamo. Unajulikana, hauhitaji kuuliza. Na usidhani ni upinzani tu, wapo wa kijani wanaogombea ubunge kila mara. Faida yake kwako ni kwamba haogopi. Kuna kesi ambazo mawakili watatu wanaziangalia wanasema wana safari, yeye anazichukua. Wakati wa Operesheni Sangara ya 2018, nyavu na mitumbwi ilipokuwa inakamatwa ufukwe hadi ufukwe, wavuvi niliowajua walizunguka sana kabla ya kupata mtu wa kuwasemea, na waliyempata alikuwa wa aina hii.

Hasara ni kwamba kesi yako inaweza kugeuka yake. Ulikuja kwa ajili ya nyavu zako, unajikuta mfano kwenye hotuba ya mtu uwanja wa Furahisha. Huenda hiyo ndiyo njia pekee ya kusikika. Huenda pia ulikuwa unakaribia kurudishiwa nyavu kimyakimya, na sasa mwenye ofisi hawezi kurudi nyuma bila kuonekana ameshindwa. Mwambie mapema unataka nini: nyavu au kelele. Yote mawili ni halali.

Jambo la pili ni mwaka wa uchaguzi. Mwaka 2020 nilikuwa bado karani, na nilikuwa na majalada kumi na manne ya msomi mmoja aliyekuwa anatafuta kura za maoni. Mimi ndiye niliyekwenda mahakamani kusimama mlangoni nikisubiri mtu mwenye joho anisaidie kuomba ahirisho. Mahakimu walinijua kwa sura. Mwaka 2025 ukaja na mambo yaleyale kwa wengine. Kabla hujalipa, uliza: unagombea? Ukigombea, jalada langu anashika nani, na ada niliyolipa inamhusu?

Nje ya joho. Mikutano, redio, makundi ya WhatsApp, na mpira. Jumapili yuko CCM Kirumba, na tangu Pamba Jiji walipopanda Ligi Kuu mwaka 2024 hakamatiki. Hayo ya mpira hayana neno. Ya redio ndiyo ya kuangalia, kwa sababu mtu anayeishi kwa kuongea anaweza kuongea mno. Kipimo changu ni rahisi: kwenye mazungumzo ya kwanza, amekusimulia kesi ya mteja mwingine mpaka ukamjua ni nani? Basi wiki ijayo kuna mtu atakujua wewe.

Kwa haki yake niseme: kati ya wote wanne, huyu ndiye anayepokea simu saa nane ya usiku. Ndugu yako akiwa mahabusu, utaelewa thamani ya sentensi hiyo.

Anamfaa nani. Aliyekamatwa, kikundi cha wafanyabiashara wadogo waliovunjiwa vibanda, mvuvi aliyeporwa chombo, mtu ambaye kesi yake haiwezi kushinda bila mwanga wa watu. Hafai kwenye mirathi ambayo baada ya hukumu ndugu wanatakiwa bado kula Krismasi au Idi pamoja.

3. Wakili wa ghorofani

Alikotoka. Mikataba. Benki, viwanda vya samaki, wauza mafuta, wenye shughuli na migodi ya Geita. Ofisi yake ina kiyoyozi, ina risiti ya EFD, ina karani wa kutunza kalenda kama nilivyokuwa mimi. Usidharau kalenda. Nilipokuwa hapo tulikuwa na daftari la vikomo: madai ya mkataba miaka sita, ya ardhi miaka kumi na miwili, na kila Jumatatu linasomwa kwa sauti. Katika miaka yangu pale, hatukupitwa na tarehe hata moja.

Ila wewe ni mdogo. Yule mkubwa uliyemsikia utamwona siku ya kusaini, baada ya hapo jalada linashuka kwa msaidizi, na msaidizi akihama linashuka tena. Na kuna mgongano wa maslahi: ukiwa na ugomvi na benki ambayo ni mteja wake, haruhusiwi kukuchukua. Uliza hilo dakika ya kwanza, kabla hujamwaga siri zako zote mezani.

Msimamo. Hana, ukimuuliza. Siasa zake utazisoma kwenye orodha ya wateja wake. Hatasimama kinyume na mkono unaomlisha, na sidhani ni dhambi. Ni jambo la kujua tu.

Nje ya joho. Anakimbia asubuhi, na Jumamosi yuko Capripoint kwenye klabu ya mashua za tanga. Niliwahi kutumwa huko na hati ya haraka isainiwe. Nilitembea mpaka majini, viatu mkononi, hati juu ya kichwa, na pale kwenye mashua walikaa msomi wangu na msomi wa upande wa pili wanakula sato. Nilirudi ofisini nimenuna, nikidhani mteja wetu ameuzwa. Jumatano iliyofuata kesi iliisha kwa makubaliano, na mteja alipata sehemu kubwa ya alichodai bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani. Tangu siku hiyo sina maneno mabaya juu ya sato wa Capripoint, ingawa wasiwasi sijauondoa kabisa.

Anamfaa nani. Mwenye mkataba wa kuandikwa au kuvunjwa, mwenye kampuni, anayenunua nyumba ya fedha nyingi, anayekopa kwa dhamana ya hati. Pia mtu anayetaka kila shilingi iwe na risiti.

4. Kijana aliyeapishwa juzi

Alikotoka. Lo Skuli, mazoezi ya vitendo mahakamani, na meza ya kuazima kwenye ofisi ya mtu. Hana hadithi za ushindi za kukusimulia, na hiyo inampa muda wa kusikiliza yako. Kwa kuwa siku hizi kesi zinafunguliwa kwa mtandao, yeye anapakia hati akiwa kwenye daladala ya Buhongwa wakati mzee wa kwanza bado anamtafuta mtu wa kumwekea nywila. Sheria mpya anazijua. Asichokijua ni watu: anaweza kushindana na karani wa mahakama kwa jambo la dakika mbili akapoteza siku nzima. Makarani hao niliwajua, miaka yote nilisimama nao dirishani. Hawakuwa wabaya, walipenda kusalimiwa tu.

Msimamo. Swali la chama si la maana kwake kama swali hili: umeomba ajira? Vijana wengi wa uwakili wana maombi yao kwenye utumishi wa mahakama au serikali, na ni haki yao. Akipata uhakimu wa Chato kesho, jalada lako linabaki mezani. Uliza ana mwenzake gani wa kumwachia.

Nje ya joho. Sikuwahi kuijua hobi ya yeyote kati yao. Walikuwa hawana muda nazo.

Anamfaa nani. Mwenye fedha kidogo na kesi iliyonyooka. Na kwa kesi ngumu, anafaa akiwa na mkongwe nyuma yake, mkubaliane hivyo tangu mwanzo.

Sasa, kwa hali yako

Ugomvi wa mpaka na jirani. Usikimbilie wakili kwanza. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, lakini ni lazima uanzie hapo. Siku 30 zikipita bila suluhu unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kijana anatosha kabisa, hasa kama eneo lako ni Kisesa au Usagara na itabidi aje kuliona kwa miguu. Mzee wa kwanza atafaa kama nyaraka zako zina vilaka: muuzaji amekufa, shahidi mmoja, hati ya serikali ya mtaa iliyoandikwa kwa penseli.

Ugomvi wa ardhi na halmashauri. Mzee kama unataka fidia, wa jukwaani kama mko watu mia na kijiko kiko njiani. Nimeona watu wakiwachukua wote wawili kwa kesi moja. Haikuwa nzuri, kila mmoja alimsubiri mwenzake aandike notisi.

Mirathi. Nyingi zinafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama. Siku hizi anaweza iwapo anayesikiliza ni hakimu mkazi. Bado naona familia nyingi hazihitaji wakili hapo, zinahitaji mtu wa kuwaandalia muhtasari wa kikao cha ukoo ulio sawasawa. Wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023 imewafanya wajulikane zaidi. Hawatozi ada. Mkishagombana kweli, tafuteni mzee mcheza bao.

Umenunua kiwanja pamoja na mwenzako na mnataka wakili mmoja awaandikie wote. Sawa, bei inapungua. Ila mkikosana, huyo hatakuwa wakili wa yeyote kati yenu, atakuwa shahidi. Kwa fedha nyingi, kila mtu na wake, na wa ghorofani ndiye ninayempendekeza.

Ndugu amekamatwa. Wa jukwaani, kwa sababu ya ile simu ya usiku. Kama ni kosa la kawaida lisilo na siasa, muulize kwanza kama atalishika kwa utulivu, maana kuna makosa ambayo yanapona kwa unyenyekevu na dhamana ya haraka. Kwa jinai ndefu, aliyetoka mashtaka anajua mahali ambapo hati ya mashtaka huvuja.

Mkopo na benki. Wa ghorofani, ukishahakikisha benki si mteja wake. Mji huu ni mdogo, uliza ofisi mbili.

Umefukuzwa kazi. Hapa vigezo vyangu vyote vitatu vinakaa pembeni kidogo. Kwa madai ya kuachishwa kazi isivyo halali una siku 30 za kupeleka fomu namba moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukichelewa unaanza kwa kuomba usamehewe kuchelewa, na hiyo ni kesi nyingine juu ya kesi. Mwezi uliopita alinijia kijana wa kiwandani na karatasi yenye majina matatu. Alitaka tujadili: huyu ni wa chama gani, yule ana shamba, yule mwingine ni mlokole, watapatana? Nikamuuliza barua ya kuachishwa ni ya tarehe ngapi. Tukahesabu kwa vidole mezani, juu ya robota la nyavu. Ilikuwa siku ya 27, na ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana. Nikafunga duka, nikampeleka kwa wakili aliyekuwa karibu na ambaye hakuwa na mtu mlangoni. Sikumbuki kama tuliuliza anapenda nini.